Sakafu ya Mama Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu tangu aanze kushona hakuna aliyewahi kuona pindo lake limefumuka. Suruali ingepauka, ingetoboka magotini, lakini pindo lingebaki palepale. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo, akaamini kwamba anayeweza kukata suti hawezi kushindwa na ubao.

Sakafu ya sebule yake ilikuwa ya saruji, na katikati palikuwa na shimo lililozibwa kila mwaka na kufumuka kila mwaka. Mama yake mzazi, anayetembea kwa mkongojo, alijikwaa hapo siku alipokuja kuwatembelea, akaanguka kifudifudi. Hakuvunjika, ila alikasirika vibaya. Alirudi kwa mtoto wake wa kiume akiapa kutokanyaga tena nyumba yenye mtego. Mama Pindo, kitinda mimba wake, alitaka jambo moja tu: mama yake azeekee kwake. Kila alipopiga simu kumbembeleza, aliulizwa habari za shimo.

Basi akanunua mbao za sakafu, zile nyembamba zinazopachikana ubavu kwa ubavu bila misumari. Mumewe, dereva mstaafu ambaye useremala wake uliishia kwenye kuweka karatasi chini ya mguu wa meza, aliuliza kwa upole kama si afadhali kumwita fundi. Aliangaliwa mara moja tu, akaenda kutoa makochi nje.

Seremala jirani aliwaazima msumeno, randa, nyundo ya mpira na pimamaji. Aliwasaidia kuziba shimo na kusawazisha chini, kisha akawaonya: ukutani waache nafasi ya unene wa kidole, pande zote. Mama Pindo aliitikia, kwa mdomo. Moyoni aliona hizo ni mbinu za mafundi wavivu kuficha vipimo vibovu. Yeye hakuwahi kumvisha mteja nguo inayopwaya, na sebule yake haingekuwa ya kwanza.

Mume alipima, mke akakata. Alipiga mstari kwa chaki ya kushonea, akaushika msumeno kwa mikono miwili, ulimi nje. Ubao wa kwanza uliharibika, wa pili ukaharibika kidogo, wa tatu ukakubali. Mbao zikaenea kutoka ukuta huu hadi ule, zimebana hata wembe haupiti. Majirani walikuja kuona, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hata mama yake alilegea, akasema atakuja Jumamosi, kuangalia tu.

Wiki hiyohiyo mvua ikashuka, ikakataa kukatika. Ijumaa asubuhi Mama Pindo aliingia sebuleni akakuta sakafu imeota kitambi. Palepale palipokuwa na shimo, mbao zilikuwa zimeinuka kiasi cha mtu kujikwaa mchana kweupe. Shimo lile alilikuta kwenye nyumba. Kitambi hiki alikitengeneza mwenyewe, na mama alikuwa anakuja kesho.

Seremala alipoitwa, alichuchumaa ukutani, akatafuta pa kuingiza ukucha, akapakosa.

"Mbao hunenepa zikipata unyevu," alisema. "Umezibana huku na huku. Ulitaka ziende wapi?"

Mama Pindo aliinama, akapitisha kiganja juu ya mbao zilizoinuka.

"Kumbe ni sare ya shule," alisema. "Mtoto anakua, nami nimemshonea ya kumbana."

Akacheka mpaka akakaa chini, juu ya kitambi chenyewe, na wanaume wale wawili, waliokuwa wakijizuia kwa adabu, wakapata ruhusa ya kucheka.

Walifanya kazi kutwa. Waling'oa mbao za pembeni, wakazipunguza kwa msumeno na kuzilainisha kwa randa, wakazirudisha zikiwa na nafasi ya kupumua. Sakafu ilishuka polepole, ikilalamika, huku mumewe amesimama katikati akijitolea uzito wake wote. Kisha wakapigilia vibao vyembamba kuzunguka kuta ili kuficha mwanya, na Mama Pindo akakiri kwamba hata hilo ni pindo.

Mama yake aliwasili na mfuko mdogo, nguo ya kubadilisha mara moja tu. Hakusalimia vizuri. Alitangulia sebuleni, akagonga sakafu kwa mkongojo hatua kwa hatua, na alipofika katikati akasimama, akapapasa kwa unyayo.

"Nani kaiweka hii?" mama aliuliza.

"Mimi, mama. Na niliikosea kwanza."

Bibi yule akatembea mpaka dirishani, akageuka, akarudi, safari hii bila kutazama chini.

"Mpigie kaka yako," alisema. "Mwambie alete kitanda changu."

Mama Pindo akaanza kutafuta simu chumba hadi chumba, machozi yakimtoka, na simu ameishika mkononi.