Mume Wangu Ameacha Kunipiga, Lakini Mwili Wangu Bado Unamwogopa

Admin, naomba unifichie jina, maana hata wifi zangu wanafuatilia ukurasa huu. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, tuna watoto wawili. Kwetu ni Yakobi, Njombe, ila naishi na mume wangu Mahongole, hapa Makambako.

Huyu mwanaume alianza kunipiga nikiwa na mimba ya kwanza. Akitoka kwenye pombe, nikisikia anakohoa pale mlangoni, nilikuwa najua siku itaishaje. Halafu akaokoka. Ndugu zangu, hakuokoka kwa maneno tu. Pombe ameacha kabisa, asubuhi na baridi hii yetu anawasha moto watoto wapate maji ya kuoga, viazi tunapalilia pamoja, na ni zaidi ya miaka miwili hajaninyanyulia mkono. Mama yangu husema, "Mwanangu, Mungu amekufuta machozi."

Tatizo ni mimi. Akikohoa tu, moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi. Tumbo linaniwaka, nywele zinatoka nikichana, usingizi sina. Nikienda Yakobi kumsaidia mama kuvuna, nakula vizuri na kulala kama mtoto. Nikirudi, nikishuka tu stendi ya Makambako, kichwa kinaanza kugonga.

Mwaka huu presha ilipanda nikaanguka shambani. Mume wangu alinipeleka hospitali mwenyewe, akanishika mkono njia nzima. Daktari, dada mmoja mpole, alipoona vipimo akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Nyumbani kuna amani, daktari."

Na hakusema uongo. Hilo ndilo linalonitesa.

Daktari alituambia msongo wa mawazo ukikaa muda mrefu hupandisha presha, huharibu tumbo na usingizi, hata kama kilichouleta kimeshaisha. Akanipa dawa, akaniambia nirudi peke yangu tuzungumze. Sijarudi. Nitatokaje nyumbani bila yeye kutaka kunisindikiza?

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni namenya viazi. Mume wangu akapita nyuma yangu, akanyoosha mkono kuchukua chumvi juu ya kabati. Nilijikuta nimejikunyata chini, mikono kichwani, kanga imelowa mkojo. Mtoto wetu mkubwa alikuwa mlangoni anaangalia. Baba yake akaiweka ile chumvi, akakaa sakafuni, mbali na mimi.

"Bado unaniogopa?"

"Hapana, baba watoto."

Akalia. Sijawahi kumwona analia hivyo. Nikawa mimi ndiye ninayembembeleza, huku meno yananigongana.

Sasa kanisani wametuomba tusimame mbele ya wanandoa wenzetu tutoe ushuhuda jinsi ndoa yetu ilivyopona. Yeye amekubali kwa furaha, mpaka vitenge vya sare ameshapeleka kwa fundi. Mama naye, nikimgusia kwamba nataka kwenda kwake kupumzika, ananiuliza, "Ulimvumilia akiwa shetani, leo unamkimbia akiwa mtu?"

Nimemsamehe, nasema kweli mbele za Mungu. Ila mwili wangu hausikii. Nikimweleza ukweli naogopa atavunjika moyo arudie pombe, na nikinyamaza naona presha itaniua huku watu wananipigia vigelegele. Ushuhuda wenyewe ni Jumapili hii inayokuja. Ndugu zangu, mnaonisoma, hebu niambieni: nikipewa kipaza sauti pale mbele, yeye akiwa pembeni yangu, niseme nini?