Gitaa Lililosubiri Majina Yaishe

Mapadri walinifukuza kazi kwa sababu ya kanzu. Nilikuwa mpiga pasi wao, na pasi ilikuwa ya makaa, ile yenye jogoo wa chuma puani. Sijui nilikuwa na miaka mingapi. Mama alisema nilizaliwa mwaka wa nzige, na babu akasema nzige walikuja mara mbili, kwa hiyo chagueni wenyewe. Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma naweza, kuandika mnaona.

Basi cheche iliruka, ikaangukia kanzu nyeupe ya Pasaka na kutoboa tundu la ukubwa wa yai, mahali pabaya, nyuma, chini ya mgongo. Nikaikunja vizuri, nikanyamaza. Padri mzee aliivaa bila kuikagua. Alipopiga magoti mbele ya altare, kanisa zima likaona kaptula yake ya kaki. Kwaya ilikatika katikati ya Aleluya, sauti ya pili ikaanza, halafu na yenyewe ikafa. Jumatatu sikuwa na kazi.

Simlaumu padri, Mungu amrehemu. Ninamtaja kwa sababu bila kanzu ile nisingefika kwa Mgiriki. Mgiriki huyo aliuza vitambaa mjini, na alitaka mpiga pasi asiyeongea sana. Nilimwambia kwamba siongei. Mke wake ndiye aliyegundua ukweli, lakini wakati huo walikuwa wamenizoea. Nyuma ya nyumba walikuwa na bohari, na bohari hiyo Mgiriki aliwaachia vijana wanne wenye magitaa ya umeme wafanyie mazoezi kila alasiri. Alisema wezi wanaogopa kelele. Ni kweli, hakuibiwa hata kipande cha khanga. Mbwa wake tu ndiye aliyehama.

Vijana wale walipiga roki. Mji mzima ulikuwa unacheza rumba, na wao walipiga roki, suruali zao pana chini mpaka zinafagia ua. Waliimba Kiingereza, au tuseme waliamini kwamba ni Kiingereza. Mmoja aliimba, mmoja alikuwa na gitaa la besi, mmoja alipiga batri, yaani zile ngoma za kizungu za kukalia, na wa nne alipiga gitaa la solo. Huyu wa nne alikuwa mwembamba, hasemi, na alipenda kupiga akiwa ametugeuzia mgongo.

Walikuwa na wimbo mmoja ambao katikati yake wote walinyamaza na kumwachia yeye. Gitaa lilianza chini kabisa, kama mtu anayenung'unika chumba cha pili. Kisha lilipanda, likapanda tena, nawe ulijua kwamba sasa limefika juu, kumbe bado. Halafu lilisimama. Mimi na pasi yangu tulisimama nalo. Niliunguza mashati mawili ya Mgiriki kwa ajili ya wimbo huo, na hayo sikuyajutia kama kanzu.

Baadaye maisha yakawatawanya. Mwimbaji alikwenda Ulaya. Wa besi alimpata Yesu, akawa mchungaji. Wa batri akawa mtu wa ofisi. Wa solo alibaki hapa hapa Bujumbura, kule Gasenyi, akitengeneza redio, na watu walisema gitaa halishiki tena.

Mimi nikabaki na hadithi. Niliisimulia Kanyosha ninapokaa, niliisimulia kwenye vilio na kwenye harusi, na zaidi ya wote nilimsimulia shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayekaa Gihosha. Shemeji huyu alifanya kazi ya serikali mpaka akastaafu, kazi ya kugonga mihuri, na mpaka leo haamini kitu kisichogongwa muhuri. Kila nilipomwelezea lile gitaa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema neno moja lile lile.

"Shemeji, iyo gitaa inapigwaka mu kichwa yako tu."

Alidai ni mvuke wa pasi uliopanda. Wajukuu wakacheka. Miaka na miaka wakacheka. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu kabla sijafa: shemeji akae, asikie gitaa lile kwa masikio yake mwenyewe, na anyamaze.

Ndiyo maana niliposikia kwamba mwimbaji amerudi kutoka Ulaya na amewakusanya wenzake wote watatu, wa solo akiwemo, kupiga Jumapili moja alasiri, tena Gihosha, karibu na kwa shemeji, niliiona kama zawadi. Petroli haikuwepo, mabasi yalikuwa yamepanga foleni toka juzi bila kusogea. Nilitembea kutoka Kanyosha na suti, mji mzima kwa miguu, halafu mlima. Nilifika kwa shemeji nimelowa kama niliyevuliwa ziwani. Dada yangu alinipa taulo. Shemeji alinipa kiti, akaniambia nisiogope, kwamba hata gitaa likikosekana tutakunywa soda.

Ukumbi ulikuwa wa harusi. Waandaaji hawakujua ukumbi wa namna nyingine, na mimi pia siujui. Viti vilikuwa vimevalishwa sketi nyeupe na utepe wa zambarau nyuma, na vilipangwa safu kwa safu, goti kwa mgongo, kiasi kwamba mtu aliyetaka kucheza roki angelazimika kuomba ruhusa ya familia mbili. Mama mmoja wa protokole, mwenye mkanda begani, alitukalisha safu ya tatu na kutuonya tusisogeze viti.

Kisha hotuba. Sisi mtu akija kuazima jembe huanza kwa kuwashukuru waliohudhuria, sasa fikiria kwenye ukumbi wenye mikro, yaani kipaza sauti. Mwenye ukumbi alitukaribisha. Mtu wa kamati akamshukuru mwenye ukumbi. Baba mdogo wa mwimbaji akapokea shukrani kwa niaba ya ukoo, akaeleza mwimbaji alivyokuwa mtoto asiyependa maharage. Mchungaji wa besi akaomba, na sala yake ilizunguka nchi zote zenye matatizo, ambazo si chache. Shemeji alikuwa na furaha. Aliniambia kwamba kazi imepangwa vizuri.

Walipoanza kupiga, hapo ndipo nilipowaangalia sawasawa.

Mwimbaji alikuwa amepaka nywele rangi nyeusi kama dawa ya viatu, na kwa kuwa joto letu halibembelezi mtu, rangi ilianza kuteremka kwenye kola. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba na suruali ya ngozi saa kumi alasiri. Katika wimbo wa kwanza aliruka kama zamani. Kuruka aliruka. Kutua nako alitua, ila alibaki chini ameinama muda mrefu, akifikiria, mpaka kiitikio kikapita bila yeye. Mchungaji alikuwa amekubali kupiga kwa sharti kwamba kila wimbo uliohusu mwanamke uhusu Israeli, kwa hiyo Israeli ilipigiwa simu, ikanyimwa usingizi, ikaombwa irudi nyumbani. Wa batri, kwa sababu ya mgongo, alikalia kiti cha ofisi chenye magurudumu. Kila alipopiga kwa nguvu kiti kilirudi nyuma kidogo. Mwisho wa wimbo alikuwa karibu na ukuta, akizipiga ngoma kwa ncha za vijiti, na wanaume wawili wakaja kumsukuma mbele na kumwekea tofali.

Shemeji aliniangalia tu.

Wa solo yeye alikaa kwenye kiti kile kile cha sketi, na koti la kawaida, mvi zake kichwani hazijapakwa kitu. Alipiga kidogo, kwa heshima, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Nilimwambia shemeji amwangalie huyo, awaache wengine wote.

Katika wimbo wa pili, bwana mmoja wa safu ya mbele alituma karatasi jukwaani. Mwimbaji akaisoma ndani ya wimbo: jina lake, cheo chake na mtaa wake. Yule bwana akasimama, akapunga mkono, watu wakapiga makofi. Desturi hii imetoka ng'ambo, kwa Wakongo, watu wa rumba, nao wanaiweza. Rumba ina nafasi, unaweza kupitisha jina humo kama unavyompitisha mgeni sebuleni. Roki ni mlango mwembamba. Lakini akishatajwa mmoja, nani atakubali kukaa bila kutajwa? Mkurugenzi mmoja mstaafu alifunga vifungo vya koti na kusimama kabisa aondoke, mpaka alipotajwa na cheo chake cha zamani, ndipo akakaa. Mama wa protokole akaanza kupita na sinia la kukusanyia karatasi. Mtu mmoja alimtajisha kaka yake aliye Kanada, kwa sababu angeona kwenye simu.

Shemeji alijitaja. Nilimwona akiandika, kwa mwandiko wake wa ofisi. Alipotajwa, pamoja na idara yake yote, alisimama na kuweka mkono kifuani, na alipokaa alikuwa ameongezeka kimo. Kisha akanigeukia, wala hakunikebehi, na hilo ndilo lililonichoma.

"Na we je, apana kutajwa? We mupenzi wao wa miaka yote?"

Nikaomba kalamu. Naandika polepole, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kufikiri, na sikufikiri. Niliandika jina langu, nikaongeza "mpiga pasi wa kwa Mgiriki", na chini nikaomba nitajwe kwenye ule wimbo wa mwisho, pale pale gitaa linapobaki peke yake. Nilitaka shemeji ajue, na ukumbi ujue, kwamba gitaa lile lilikuwa langu kabla halijawa la mtu mwingine. Mama wa protokole alisoma karatasi yangu, akatikisa kichwa.

"Muzee, wote wameandika ile fasi moja."

Sinia lilikuwa limejaa. Kila mtu alitaka mahali pazuri kuliko pote, na mahali pazuri wote wanapajua. Ningeweza kuichukua karatasi yangu. Mkono ulikuwa pale pale. Niliiacha.

Basi wimbo ukaja. Niliujua kwa sauti mbili za kwanza, hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Shemeji akaniuliza kama ndio huo, nikamjibu ndio huo. Walipiga vibaya, lakini walipiga wenyewe, na hata mchungaji alijisahau akaiacha Israeli, akaimba maneno ya ujana wake. Tukafika pale. Besi ikanyamaza. Batri ikashuka ikabaki na vijiti viwili tu, tik, tik. Wa solo akasimama kwa mara ya kwanza siku ile, akasogea mbele, na safari hii hakutugeuzia mgongo. Vidole vilishashika nyuzi. Nilimshika shemeji goti.

Mwimbaji akapokea sinia.

Akasoma. Waheshimiwa kwanza, halafu mabinamu wa waheshimiwa, halafu chama cha wanaotembea asubuhi, mmoja mmoja. Kila aliyetajwa alisimama, alipunga, alipigiwa makofi. Wa solo alingoja mzunguko mmoja, akangoja wa pili, vidole vyake viko pale pale. Katikati ya majina mawili alipiga sauti moja ya chini. Moja. Niliitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha baba yake nje ya mlango, na nikahisi goti la shemeji limekaza. Alikuwa ameisikia. Naapa aliisikia.

Mwimbaji akainua kiganja bila kugeuka.

"Ngoja, mukubwa, bado safu ya tatu."

Akaendelea. Na jina lililofuata lilikuwa langu. Alilitaja vizuri, hakulikosea, mpiga pasi wa kwa Mgiriki, mpenzi wetu wa tangu bohari. Ukumbi ukapiga makofi. Ni aibu kusema lakini nimeamua kusema: nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza, mkono juu.

Wa solo alitafuta kwa macho mwenye jina hilo, akanipata. Aliniangalia kama fundi anavyoiangalia redio iliyoletwa kwake mara ya tatu, imeangushwa tena. Hakukunja uso. Aliinama, akachomoa waya mwenyewe, akauzungusha kwenye mkono wake taratibu, akauweka chini. Gitaa akalilaza juu ya kiti, kwenye ile sketi nyeupe, na kulirekebisha kidogo lisidondoke. Kisha akashuka jukwaani.

Alipita njia ya katikati. Shemeji alivuta miguu ampishe. Alipita karibu nami hivi, ningeweza kumshika koti, na mimi bado nimesimama, mkono haujashuka. Mlangoni mama wa protokole alimnyooshea Fanta, akakataa kwa kichwa, kwa upole. Kulikuwa bado mchana. Nilimwona kupitia mlango akivuka ua, akipita kati ya magari, akishika barabara inayoelekea Gasenyi. Hakugeuka.

Shemeji alisema kwamba labda amekwenda kujisaidia, atarudi. Mwimbaji alikuwa ameanza safu ya nne. Wa batri aliendelea, tik, tik, akiangalia mlango.

Hakurudi.