Barakoa ya Kidevuni

Chekeni tu, jamani, msijibane, maana aibu niliyoipata ukweni kule Manchira hata mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yangu nadhani alikufa huku ananishangaa.

Ilikuwa kipindi kile cha corona. Mimi nauza kwenye duka la dawa pale Nkende, Tarime mjini (duka ni la tajiri, mimi wa kaunta tu), lakini kwa kuwa niliwahi kuhudhuria semina ya kutwa ya namna ya kuvaa barakoa, mtaa mzima ukaanza kuniita Daktari, na mimi bila haya nikawa naitika. Mtu akipita na barakoa kidevuni namsimamisha, "Ndugu, corona inaingilia puani, haiingilii ndevuni!" Watu wanacheka, mimi kichwa kinavimba.

Basi ikafika siku ya kwenda kumposa Bhoke. Bhoke nilimpenda mpaka nikawa napanga dawa za minyoo kwenye rafu ya mafua, na nilijua nikimkosa huyu, Chacha mimi nimekwisha. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, na njia nzima kwenye gari aliniimbia wimbo mmoja: "Mura, kijana wangu, leo kazi yako ni kukaa na kunyamaza. Mama mkwe asikuone, na wewe usimwone. Umenisikia?" Nikasema nimesikia, baba. (Kwetu Wakurya mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ndiyo heshima yenyewe, na ukiivunja kabla hujaoa, mke unaweza kumsikia kwa wenzako.)

Tukafika, tukakaribishwa ndani, wazee wakaanza kuulizana habari za mvua na malisho. Mimi nachungulia dirishani, naona ndoo ya kunawia iko pale langoni haina msimamizi, na majirani wanaingia hivihivi, mmoja barakoa inaning'inia sikioni kama hereni. Roho ikaniuma. Nikajiambia wazee wa watu watakwisha nami nimekaa tu (na niseme ukweli, nilitaka pia wakwe waone wamepata mkwe wa maana). Nikamnong'oneza baba mdogo kwamba naenda kujisaidia. Kosa langu ni hilo tu, mengine yote yalijileta yenyewe.

Pale langoni nikawa bwana mkubwa, huyu nawa, yule funika pua, mpaka akaja mama mmoja mnene kidogo, kibuyu cha maziwa mkononi, barakoa kidevuni. "Shikamoo mama, pandisha barakoa." Mama akanitazama, macho yakamtoka, akajifunika khanga usoni, akanigeuzia mgongo na kuambaa na ua. Nikasema, "Mama! Ugonjwa haujui mgongo!" Akaongeza mwendo, nami nikaongeza, akatoka mbio, nami nikatoka mbio, tukazunguka jiko, tukapita zizini, kuku wanaruka, maziwa yanamwagika, nami napiga kelele, "Mshikeni huyo, atatumaliza!" Hakuna aliyemshika. Nikamdaka mwenyewe pale ghalani, nikamkamata mkono, na kwa vidole vyangu hivi nikampandishia barakoa na kumbana kile kiwaya cha puani kama tulivyofundishwa semina.

"Umeona, mama? Wala haiumi."

Bhoke akatokea mlango wa jikoni na mwiko wake, "Chacha! Huyo ni mama!"

"Najua ni mama, ndiyo maana nimemwamkia."

"Mama yangu mimi!"

Mungu wangu. Kumbe yeye alikwisha kunijua zamani kwa picha za kwenye simu ya Bhoke, na sura aliiona vizuri, maana mimi daktari wa watu barakoa yangu nilikuwa nimeishusha kidevuni ili sauti itoke.

Mzee mmoja akasema taratibu, "Mura, umekuja kuposa mmoja, mbona unakimbiza wawili?" Baba mdogo alishika kichwa kwa mikono yote miwili, hakunitazama. Nikaenda nyuma ya gari nikalia, kulia kabisa, barakoa ikalowa. Bhoke akanifuata, akasema wazee wamegoma kuzungumza mahari mpaka achinjwe mbuzi wa kusafisha aibu.

"Na mama?"

"Yuko chumbani, amejifunika khanga. Anatetemeka tu."

Nikajua basi, nimemkosa. Mbuzi akatafutwa, akachinjwa, wazee wakala, mazungumzo yakaanza upya, na mimi sikuinua uso hata nilipoambiwa nimekubaliwa. Bhoke alikuja kuniambia jioni tukiwa tunaondoka kwamba mama yake alikuwa anatetemeka kwa kicheko.

Siku hizi nimeapa, mtu hata aivae barakoa magotini, mimi natazama vidonge vyangu. Corona imepita na Tarime nzima imeshatupa barakoa, isipokuwa mtu mmoja. Mama mkwe akija mjini hupita ng'ambo ya barabara, uso kaugeuzia huko, barakoa kaipandisha mpaka chini ya macho, na Bhoke akimuuliza ya nini tena, anamjibu, "Mwanangu, mimi mbio zimeniisha."