Marehemu Aliyefungiwa Ndani ya Kompyuta

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimebeba magunia ya mahindi pale Kitale mpaka shingo ikazama mabegani, nimeuza kuku wagonjwa kwa watu waliojua kabisa ni wagonjwa, na katika kazi yangu ya kamera nimepiga picha maiti wengi kuliko maharusi. Shule niliiacha darasa la sita, na sikusikia kwamba shule ililia. Lakini kufikia miaka ile ya elfu mbili na kitu, walimu walionichapa walikuwa wakibebwa na baiskeli za boda boda mjini Bungoma, mkono mmoja umeshika kofia, na mimi nilikuwa na pikapu, studio yenye kioo mbele, na kompyuta.

Kompyuta yangu haikuwa kama za majirani. Za majirani zilijaa virusi kama mbwa wa sokoni na kupe. Yangu ilikuwa na Linux, programu ambayo mafundi wa dunia nzima huitengeneza pamoja na kuiacha wazi, mtu aichukue bila kununua laiseni. Iliwekwa na fundi mmoja wa Kitale, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba. Niliporudi nayo Bungoma niliwaambia watu nimeiweka mwenyewe. Nani angebisha?

Aliyeiendesha kila siku alikuwa msichana wa Malakisi, binti wa mkulima wa tumbaku. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwavalisha marehemu suti. Kwetu mtu hazikwi bila picha kubwa ya kuwekwa juu ya jeneza, na watu wengi hufa wakiwa wamepigwa picha wamevaa shati lililotoboka kwapani. Basi msichana alikata kichwa, akakiketisha juu ya suti, akaweka kola nyeupe na tai, na mtu aliyechimba mitaro maisha yake yote akazikwa akiwa meneja wa benki. Watu walikuja kutoka mbali kwa kazi hiyo. Walikuja kwangu, kwa sababu studio ilikuwa yangu.

Sasa, fundi alikuwa amenieleza jambo moja. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na watu wawili. Wa kwanza ni mtumiaji wa kawaida, ambaye mimi na msichana tuliingia kwa jina lake kila asubuhi. Wa pili ni mwenye mashine, anaitwa root, asiyekatazwa chochote. Fundi alisema huyo wa pili aachwe alale, aamshwe tu kukiwa na shida.

Mimi? Niwe mtumiaji wa kawaida katika kitu nilichonunua kwa jasho langu? Kila nilipokalia kile kiti nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika neno la mwenye mashine, nikafungua picha zangu kama bwana. Hakuna siku iliniletea matata, mpaka ile wiki ya mama wa Tongaren.

Mama huyo alikuwa amefiwa na kitinda mimba wake, aliyegongwa na lori. Hakuwa na picha yake hata moja. Kijana alichukia kamera. Alikaa mbele ya kamera mara moja tu, na ilikuwa yangu, akapigwa picha ndogo za kuombea kazi. Hizo alizibeba kwenye waleti, na waliomwokota barabarani walichukua waleti kabla ya kuangalia kama anapumua.

"Mayi, nyamaza," nikamwambia kwa ile lugha ya kwetu ya kumwita mama. "Mwanao yuko kwangu."

Na alikuwepo kweli, ndani ya kompyuta. Msichana akamtoa, akamsafisha uso, akamvika suti ya bluu iliyoiva na tai ya mistari. Alhamisi alasiri mama aliitwa aone. Alinyoosha kidole akagusa kioo.

"Hakuwahi kuwa na suti," akasema.

"Sasa anayo," nikamjibu, "na hii haichakai."

Walitoka pamoja, yeye na msichana, na mimi nikabaki. Nikaketi kwenye kiti. Kazi ilikuwa safi, siwezi kudanganya, lakini ilikosa kitu. Mazishi ya Tongaren hujaza watu shamba zima. Wote wataangalia suti ile, na nani atajua ilishonwa wapi? Nikaandika neno la mwenye mashine, nikafungua picha, na kwa herufi za manjano nikaweka jina la studio, namba yangu ya simu na ile ya studio, kuanzia begani mpaka begani. Nikahifadhi papo hapo juu ya ile ya kwanza, nikazima, nikaenda kula.

Ijumaa asubuhi mama alifika na pesa imefungwa kwenye ncha ya leso. Mazishi ni kesho yake. Msichana akawasha kompyuta, akaandika neno la siri. Skrini ikawa nyeusi, kikatokea kibao chenye maneno ya Kizungu, halafu ukarudi ule ukurasa wa kuulizia neno la siri, msafi, kama mtu ambaye hamjawahi kuonana. Akaandika tena. Nyeusi, kibao, nje.

"Imekataa paswadi?" nikauliza.

"Haijakataa, mzee. Ikikataa huwa inasema nimekosea. Hii inanikubali halafu inanitoa. Imeandika kuna faili haiwezi..."

"Wewe umebadilisha kitu."

"Mzee, si usome hapa kwanza."

"Nisome nini? Hii duka ilijengwa na kusoma?"

Kufikia hapo watu walikuwa wamesimama mlangoni, na mimi watu wakisimama mlangoni sauti yangu hupanda yenyewe. Nilimwambia tumbaku ya baba yake imemkausha ubongo. Nilimwambia anataka nimwongeze mshahara na ndiyo maana ameshika maiti mateka. Kisha nikamgeukia mama nikamwonyesha kwa kidole: "Huyu ndiye amemfungia mwanao."

Mama alimtazama msichana kutoka nywele mpaka viatu. "Mchawi," akasema, polepole, kama anayesoma jina. "Na wewe uje uzae, na mtoto wako akose sura."

Msichana alichukua sweta yake kwenye kiti. Mlangoni akageuka akasema kitu kimoja tu: "Mzee, usikubali mtu aifute yote. Picha bado iko." Nikamwambia aende akayashauri majani ya tumbaku.

Nilichomoa nyaya, nikabeba kile kisanduku cha kompyuta mpaka kwenye pikapu. Mama akakataa kiwekwe nyuma. Alipanda mbele, akakipakata, akakifunika kwa leso. Kila tulipoingia kwenye shimo aliweka kiganja juu yake.

"Endesha polepole," akaniambia. "Ataumia."

Na mimi nikapunguza mwendo kweli, mimi niliyewahi kuendesha gari lenye jeneza nyuma kushuka mlima bila kugusa breki.

Duka la fundi Kitale lilikuwa limejaa watu. Aliniona kabla sijaingia.

"Karibu, boss! Jamani sogeeni, huyu ni fundi mwenzangu wa Bungoma."

"Niache na hayo. Mashine imekwama."

"Itakwamaje na uliiweka mwenyewe? Wateja wangu wa huko wameniambia. Ati ulisomea Nairobi." Watu wakacheka. Akaunganisha kisanduku na skrini yake, akanivutia kiti katikati ya duka. "Basi keti, daktari. Fungua."

"Mimi nimekuja kwako ili..."

"Fungua, bana. Tujifunze."

Nikaandika neno la siri. Nyeusi, kibao, nje.

"Ongeza nguvu. Labda haijakujua."

Nikaandika tena kwa vidole viwili, kama ninavyoandika siku zote. Ikanitoa tena. Mmoja wa wateja akasema mashine inajua watu waliofukuzwa shule. Mwingine akasema nijaribu kubisha hodi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye herufi, na yule mwembamba amekunja mikono, ananiambia, "Tena, daktari, tena, mgonjwa asikufie," na sijui tungeendelea mpaka lini kama mama hangesimama.

"Baba," akamwambia fundi, "mwanangu yuko humo ndani. Kesho namzika."

Kicheko kikakatika. Fundi aliniondoa kwenye kiti bila kunitazama. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, rangi zote zikapotea, ukabaki ukurasa mweusi wenye maandishi matupu. Akaniuliza neno la siri, akaliandika pale, na mashine ikamkubali bila matata.

"Unaona, mama? Neno ni lilelile. Hakuna mtu amelibadilisha." Akaandika kidogo, ikatokea orodha. Akaweka kalamu juu ya mstari mmoja. "Shida ni hii. Mtumiaji akiingia lazima aandike kwenye hii faili ndogo, ndiyo picha za skrini zifunguke. Ni kama kitasa cha chumba chake. Sasa hiki kitasa kimeandikwa jina la mwenye mashine. Mtumiaji anafika, ufunguo ni wake, anakuta chumba kimeshikwa na mwenye nyumba. Anarudi nje. Atarudi nje mpaka Yesu arudi."

"Na huyo mwenye mashine ni nani?" mama akauliza.

"Ni mtu aliingia kwa cheo cha root na kufungua vitu vya mtumiaji. Mara nyingi hupita salama, safari hii kitasa kikabadilika jina. Saa imeandikwa. Jana, saa moja kasoro robo jioni."

Mama alifikiria. "Yule msichana tulitoka naye saa kumi na moja. Alinishika mkono mpaka stendi. Aliningojea mpaka gari likajaa."

Mimi niliangalia feni ya duka, ilikuwa haizunguki.

Fundi akaandika mstari mmoja, mfupi kuliko jina la kanisa, akakirudisha kitasa kwa mtumiaji. Akaingia. Rangi zikarudi, ikaonekana meza ya kompyuta yangu na picha zangu zote. Akabofya ile ya kijana.

Akatokea. Uso safi, suti ya bluu, tai ya mistari, na kifuani, kutoka bega hili mpaka lile, jina la studio yangu na namba za simu, manjano kama ndizi.

"Hiyo namba ni ya marehemu?" mteja mmoja akauliza. "Tukipiga atashika?"

Safari hii walicheka mpaka mwingine akatoka nje kushika ukuta. Mama alisogea akagusa kioo, kama alivyofanya Alhamisi, ila kidole kilishuka kwenye yale maandishi kikajaribu kuyafuta.

"Yatoe," akasema.

"Yamehifadhiwa ndani ya suti, mama. Naweza kukata hapa chini ya kidevu. Atabaki kichwa peke yake, suti itaenda. Au huyo aliyemshonea aanze upya." Fundi akanigeukia. "Yuko wapi?"

Simu aliyokuwa akitumia msichana ilikuwa ya studio, na nilikuwa nayo mfukoni mwangu.

Mama aliondoa kidole kwenye kioo. Akasema, "Mwacheni na suti yake."

Ikachapishwa hivyo, kubwa, ikatiwa kwenye fremu. Nilipouliza gharama, fundi alinipungia mkono. "Kwako ni bure, boss. Programu ni ya bure, na aibu pia nimekupa ya bure."

Wengine wangejificha Jumamosi. Mimi nilivaa koti nikaenda Tongaren, kwa sababu sijawahi kukimbia mtu aliye hai, sembuse aliyekufa. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, kijana juu yake, na watu wanapita mmoja mmoja, wanainama kutoa heshima, wanaanza kusoma. Midomo yao niliiona ikitamka namba. Mchungaji alipokuwa katikati ya sala, simu yangu ikalia. Nikaizima. Ikalia ile ya studio, ambayo namba yake pia nilikuwa nimeiandika. Nyuma, chini ya migomba, vijana walikuwa wameinamisha vichwa kama watu wanaosali sana.

Kisha mama akapewa maikrofoni. Alimshukuru Mungu, akawashukuru waliochanga unga na kuni. Halafu akasema, "Mnauliza haya maandishi. Mwenye maandishi yuko hapa, amevaa koti. Alimfungia mwanangu ndani ya mashine kwa mkono wake, akaniambia ni msichana wa watu. Na mimi nikamwamini. Nikamlaani mtoto aliyemvisha mwanangu suti."

Msimamizi wa sherehe, mwenye tumbo na sauti ya mnada, hakungoja amalize kupangusa macho. "Mheshimiwa wa studio, simama tukuone! Usiogope, namba yako tunayo tayari!" Kicheko kilitoka hata kwa waliokuwa wakilia. "Kwetu aliyekosea matanga hutoa faini. Mzee, njoo mbele. Mifuko!"

Ningeweza kuondoka. Pikapu ilikuwa imezibwa na magari mawili, lakini ningeweza kutembea. Badala yake nilienda mbele nikiwa nimenyoosha mgongo, nikatoa bunda langu, kwa maana mimi sitembei na pesa za aibu. Wakaweka karai. "Mfuko wa nyuma!" watu wakapiga kelele. Nikatoa. "Wa koti!" Nikatoa. "Soksi!" Nikavua kiatu, na palikuwa na noti pale, na sijui walijuaje.

Mama alilivuta karai kwake kabla ya wanakamati kuligusa. "Hii si ya jeneza wala ya chai," akasema. "Mpwa wangu ataipeleka Malakisi leo leo. Amwambie nimeyarudisha maneno yangu, na suti imempendeza."

Pesa ilienda. Studio ya msichana ilifunguliwa muda si mrefu, akiwa na kompyuta ya programu ileile, na watu wa kuvalishwa suti wakaanza kupita mlango wangu bila kugeuza shingo. Lakini nitasema hivi, na waliokuwepo waniumbue kama nadanganya: siku ile hakuna aliyetoa kunishinda, hata diwani. Msimamizi alihesabu kwa maikrofoni, noti kwa noti, umati ukiitikia, mpaka sarafu zilizokuwa zimenasa kwenye pindo la koti: shilingi elfu kumi na saba, mia nne na thelathini na tano.