Punda Aliyerudi kwa Uongo

Wakuu, msicheke kwanza.

Baba mkwe wangu, mzee Lemburis wa Kisongo, alikuwa anakaa getini kutwa nzima kumsubiri mtu aliyekufa. Kisa? Punda wa kwenye riwaya.

Mimi naitwa Loserian, naishi Sekei na mke wangu Naisiae. Habari hii ni yake kuliko yangu, kwa hiyo nitakaa upande wake niwasimulie.

Naisiae alikuwa na kaka mmoja tu, Lesian. Alikwenda machimboni, shimo likaporomoka, mwili haukupatikana. Hakukuwa na jeneza wala kaburi. Watu walikuja, wakaimba, wakasali, wakaondoka. Mzee hakutoa chozi. Naisiae naye, kwa kuogopa baba yake asivunjike, hakulia mbele yake hata siku moja.

Mzee ana mtoto wa jicho, haoni maandishi. Kila Jumamosi binti yake humsomea. Safari ile akampelekea riwaya moja ya siasa iliyovaa ngozi ya wanyama: punda wamemchagua fisi kuwa mwenyekiti wa kisima.

Mwanzoni ilikuwa burudani, acha kabisa! Fisi anaapa mbele ya umati kwamba nyama ameacha. Anawagawia punda kofia zisizoingia masikioni. Mzee alicheka mpaka fimbo ikamdondoka.

"Huyu fisi namfahamu! Alikuja hapa kuomba kura!"

"Baba, taratibu, majirani watasikia."

"Wasikie! Kofia na wao walichukua!"

Naisiae alirudi nyumbani uso unang'aa. "Baba amecheka, Loserian. Amecheka kama zamani."

Jumamosi iliyofuata kitabu kikageuka.

Punda mmoja kijana, Kiduchu, aliuliza mkutanoni mbona watoto wa punda wanapungua. Akaitwa pembeni kwa mazungumzo. Hakurudi. Mzaha wote ukakatika hapo hapo, kama umeme unavyokatika.

Mzee akasogeza kigoda. "Mama yake anajua yuko wapi?"

Naisiae akachungulia ukurasa unaofuata. Mama punda ameokota kengele ya shingoni tu. Mwili hakuna.

Moyo ulimpasuka, jamani. Akasoma yasiyoandikwa:

"Alfajiri, Kiduchu akaonekana anakuja, mzima, anacheka."

Akafunga kitabu. "Kimeisha, baba."

Mzee akashika fimbo yake. "Haya," akasema.

Siku chache baadaye akapiga simu shangazi Namnyaki, anayeishi na mzee. "Naisiae, njoo umwone baba yako."

Mzee alikuwa amenyolewa, amevaa shati jeupe, kiti kimehamia getini. Kila anayepita anaulizwa kama amekutana na Lesian njiani. Jioni anataka chakula cha Lesian kifunikwe.

Mliozaliwa huku mmeshanielewa. Kwa wazee wetu, mtu akifa jina lake halitamkwi tena. Tangu msiba mzee hakuwahi kulitaja. Sasa analitaja kutwa. Maana yake, kwake yeye, kijana ni mzima.

Naisiae alilia njia nzima kurudi Sekei. "Nimemfufulia mtu nisiyeweza kumleta."

"Basi kamsomee ukweli," nikamwambia.

Tulikwenda wote. Naisiae akapiga magoti pale getini.

"Shikamoo, baba. Nilikudanganya. Kiduchu hakurudi."

Akafungua kitabu, akasoma kuanzia ile kengele mpaka mwisho. Mzee akasikiliza yote, halafu akapapasa, akamshika kichwa.

"Nilijua, mwanangu. Fisi ashibe namna ile, halafu punda arudi anacheka? Mimi nimekaa mikutano mingi."

"Sasa mbona ulikuwa unamsubiri?"

"Nilisikia sauti yako ilivyobadilika pale. Nikasema, kumbe binti yangu bado anamngoja kaka yake. Nikaona nisikuache ungoje peke yako."

Naisiae akaangua kilio. Mzee naye akalia, kwa sauti, mbele ya wapita njia, bila kujificha. Mimi nilibaki nimeshika geti, sijui pa kutazama, machozi yananitoka.

Walipotulia, mzee akaomba kiti kirudishwe ndani.

"Na lile shuka lililobaki kabatini," akasema, "kesho tulizike. La kijana wetu."

Hakutaja jina. Hapo ndipo shemeji yangu alipokufa kweli.

Wapendwa, mwandishi anapokuchekesha kisha akakuliza, ana sababu zake. Kile kicheko kilikuwa kinamfungua mzee kifua ili kilio kipate pa kupita. Sisi tukaziba njia kwa huruma. Msomeeni mtu kitabu chote, na mpeane nafasi ya kulia pamoja.

Jina la kijana nimelitaja humu ili mmjue. Mkija kwenye komenti, tafadhali, mwiteni tu kijana wetu.