Kofia Iliyoshinda Peugeot

Miaka ile ya vita, baba yangu mdogo aliificha Peugeot 404 yake katika depo huko Butembo, magurudumu yametolewa, magunia ya maharagwe yamepangwa juu yake. Askari walikuwa wakichukua kila gari lililoweza kutembea. Kisha rafiki zake, wasafirishaji Waislamu wa Beni, wakamwita kwenye mkusanyiko wa wenye magari ya zamani: Jumapili, kila mtu alete lake, kina mama wavae kofia. Baba mdogo alirudisha magurudumu siku hiyohiyo.

Kofia ya mama mdogo, mke wake, niliitengeneza mimi. Nilikuwa na diploma ya sosholojia, taaluma ambayo wakati huo ilinilisha vibaya kuliko sindano. Niliisuka kwa rafia, ukingo mpana, halafu, kwa kuwa nilijiona msanii, nikaning'iniza nyuzi za kijani pande zote. Nilitamba nayo. Katika Kivu nzima ni mimi peke yangu sikukumbuka kwamba wapiganaji wa Mai-Mai hujifunga majani kichwani wakienda kupigana.

Askari wa barrière, kizuizi cha barabarani kabla ya Beni, alikumbuka. Alielekeza bunduki dirishani.

"Mai-Mai!"

"Mai-Mai na viatu ya talon?" mama mdogo akauliza, akainua mguu wenye kiatu cha kisigino kirefu. "Angalia muzuri, papa."

Wenzake wakacheka. Mkubwa wao akaja, lakini yeye hakuangalia kichwa wala mguu. Alizunguka gari polepole, akapapasa boneti.

"Hii itatumika kwetu."

Baba mdogo aliendelea kushika usukani kwa mikono miwili, ingawa injini alikwisha kuizima.

"Bon, chukua gari," mama mdogo akasema, akininyooshea kidole mimi niliyekaa kiti cha nyuma. "Mais kofia, hapana. Huyu mutoto alisoma université juu ya kuishona. Bibi wa gouverneur aliiomba, nikakatala."

Hakuna bibi wa gavana aliyewahi kuiona. Mkubwa akaitazama kofia upya.

"Bibi yangu hana kitu kama hii."

"Basi alie."

"Mama, leta kofia. Mupite."

Aliivua taratibu, akinung'unika mpaka barrière ilipoinuliwa.

Tulipoingia uwanjani Beni, 404 ikipiga honi, kati ya wanawake wote mama mdogo peke yake alikuwa kichwa wazi. Aliwasimulia wote jinsi mkubwa wa askari alivyoacha gari akachagua kofia. Injini haijapoa, kina mama walikwisha kuniagiza kofia za kunipa kazi hadi Krismasi. Nyuzi za kijani hazikuombwa na mtu.