Yasin Tatu Mpaka Unguja

Harufu ya udi kwenye buibui la abiria jirani yangu imenirudisha utotoni kabla ndege haijaondoka.

Mama alikuwa mgonjwa sana siku ile alipopandishwa ndege kupelekwa hospitali Unguja. Nyumbani hatukuwa na saa. Ngurumo ya ndege yake ilipopita juu ya Madungu, mtaani kwetu, Bibi alifukiza udi, akanikalisha mkekani.

"Soma Yasin tatu, mjukuu wangu. Ya tatu ikisha, mamako keshatua."

Nilinong'ona, mate yamenikauka. Ngurumo ilipopotea kabisa nikaingiwa na hofu, nikasoma mbio. Ile ya tatu niliiruka nusu nzima.

"Nimemaliza, Bibi."

"Alhamdulillahi! Keshafika." Akanipokea msahafu, akaufunga.

Nami nilijua mama bado yuko juu ya bahari, wala hakuna tena anayemsomea.